Sura ya Saba: Ayie Iliyotiwa Sahihi Wodini

Kama kuna binadamu aliyewahi kuufurahia upasuaji, basi ni Debra Oluoch. Alikuwa mwalimu wa darasa la nne, miaka ishirini na saba, mrefu hata kitanda cha hospitali kikamshinda. Miguu ilibaki nje ya shuka na manesi walipita wakiitekenya. Tangu Jumatatu alikuwa akijipapasa ubavuni, chini ya titi la kulia, akipima kwa kidole chake cha kati. Hapo tu. Hapo ndipo Dakta Wasike, aliyekuja Kisumu na wenzake kwa wiki moja, angepitisha kamera na mikasi yake mirefu Ijumaa asubuhi, autengeneze mlango wa moyo uliokuwa ukivujisha damu kurudi ilikotoka. Mfupa wa kifua usingeguswa.

"Kidonda kidogo hivi, Mama," alimwambia Dorca, mama yake, akionyesha kidole. "Hata nikivaa gauni la harusi la mabega wazi, hakuna atakayekiona."

Dorca alicheka, na kicheko hicho ndicho kilichozaa uongo. Kwani kama kidonda hakionekani, ya nini kukitangaza? Mzee Ondiek, kaka mkubwa wa marehemu baba yake Debra, ndiye aliyekata kauli siku ileile, amesimama kando ya kitanda na kofia yake mkononi.

"Hao wakwe waambiwe ni homa ya mapafu," alisema. "Homa ya mapafu inashika mtu yeyote. Lakini hii maneno ya moyo, hapana. Tungoje ayie ipite."

Ayie, kwa Kijaluo, maana yake ni "nimekubali". Ndilo jina la siku ambayo kijana na watu wake hufika kwa mama wa msichana na zawadi zao, wakaketi, wakanywa chai, na mama akishapokea amekubali. Kuanzia hapo msichana ana mwenyewe. Ayie ya Debra ilikuwa imepangwa Jumamosi tatu mbele, nyumbani Pap Onditi. Hema lilikuwa limeshaagizwa. Dorca alikuwa ameshashonewa kitenge, na alikijaribu mara nyingi kuliko alivyokubali kusema.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa na jina, Marfan. Dakta Wasike alikuwa amemweleza Debra polepole kwamba zile nyuzi zinazoushikanisha mwili wa mtu, kwake zilikuwa zimelegea tangu tumboni. Ndiko ulikotoka ule urefu, vile vidole vyembamba visivyoisha, na ile miwani minene. Watu wa Nyakach walikuwa wameusifu urefu huo miaka yote. Nani angemwona msichana mrefu wa Kijaluo akadhani ni mgonjwa? Baba yake, Oluoch, alikuwa mrefu vivyo hivyo. Alianguka akicheza voliboli, miaka thelathini na sita tu, akakata roho kabla gari halijapatikana. Watu wakasema ni chira, laana ya kuvunja mwiko, kwa kuwa alijenga nyumba yake kabla ya kaka yake kujenga. Kaka huyo ni Ondiek, na kwa miaka kumi na tisa alikuwa amelala na maneno hayo.

Ungedhani angefurahi kusikia kwamba haikuwa chira. Wapi. "Chira inasafishwa," alimwambia Debra kwa sauti ya chini. "Sasa damu utasafisha na nini? Niko na wasichana watatu nyumbani, wote warefu. Nani atawaoa?"

Debra naye alikuwa amebeba zito zaidi. Jumanne, wakiwa wawili tu, daktari alivua miwani yake akamwambia kwamba mshipa mkubwa unaotoka moyoni umeanza kutanuka. Haujafika pa kukatwa, utapimwa kila mwaka, atakunywa dawa. Lakini mimba inaweza kuupasua. "Mimi ningekuwa ndugu yako," alisema, "ningekwambia usibebe. Na mtoto mwenyewe angekuwa na nafasi ya nusu kwa nusu ya kuurithi ugonjwa huu."

Debra alimwambia mama yake hayo, na mama yake akamfunika mdomo kwa kiganja, kama mtoto aliyetamka tusi.

Chege, mchumba wake, hakujua lolote. Alijua homa ya mapafu.

Na hapa lazima nikueleze Chege, ili ujue mtu alikuwa anapoteza nini. Alikuwa Mkikuyu aliyezaliwa Kisumu, anayekiongea Kijaluo kama kijana yeyote wa soko la Kibuye, mfupi, mabega mapana ya kubeba magunia. Kichwa chake kilimfikia Debra begani. Siku ya kwanza alipopeleka viazi kwenye stoo ya shule aliinua uso, akamtazama kwa muda mrefu, akasema, "Mwalimu, huko juu kuna baridi?" Debra alikuwa amechoka na mizaha ya urefu wake tangu darasa la tatu, lakini huo ulimchekesha hadi miwani ikaanguka. Chege aliiokota, akaifuta kwa shati lake, akamvisha mwenyewe akiwa amesimama juu ya gunia. Miaka miwili sasa, na bado alikuwa akimtazama hivyohivyo, uso juu, macho yakimeremeta.

Kikwazo kilikuwa mama yake, Wahu. Mwaka mzima Wahu alikataa kata kata mwanawe kuoa nje ya kwao. Kisha, Januari hii, akageuka. Alikuwa mjane, na Chege ndiye mtoto wake wa pekee. Kwa desturi ya Wakikuyu, mvulana wa kwanza wa Chege angepewa jina la babu yake, Njuguna, na kwao mtoto kama huyo si kumbukumbu tu ya marehemu. Ndiye marehemu mwenyewe amerudi. Nyanya humwita mume wangu, na hakuna anayecheka. Wahu alipiga hesabu za umri wake, akaona Mjaluo au si Mjaluo, mume wake arudi. Tangu siku hiyo hakumwita Debra kwa jina lake tena. Alimwita Mama Njuguna. Alimpigia simu kila Jumapili: "Mama Njuguna, umekula? Mama Njuguna, usibebe vitu vizito."

Debra alikuwa amelipenda jina hilo kupita kiasi. Hilo ndilo lililomuuma.

Basi Jumatano, Sista Lorine alileta fomu ya oparesheni. Alikuwa nesi mcheshi, sauti kubwa, mwenyeji wa Usenge. Alisoma yote kwa Kiingereza, akaeleza kwa Kiswahili, kisha, kwa vile Dorca alikuwa akiduwaa, akamaliza kwa Kijaluo. Akamgeukia Debra.

"Iyie?" aliuliza. Umekubali?

"Ayie," Debra akajibu.

Wodi nzima ya wanawake iliangua kicheko. Mgonjwa wa kitanda cha dirishani akapiga vigelegele hafifu. "Yawa, ayie imepita," akasema. "Ng'ombe wako wapi?" Dorca alitia sahihi ya shahidi huku akitikisa kichwa, na tangu saa hiyo fomu ile ikaitwa ayie ya Debra. Manesi wakaulizana kama ayie ya Debra iko ndani ya faili, kama daktari ameipokea.

Alhamisi saa sita na nusu mchana, wakati wa kuwaona wagonjwa, Wahu alifika akiwa amebeba chupa ya supu. Chege alikuwa bado anatafuta mahali pa kuegesha pikapu. Wahu alisimama kwenye meza ya manesi kuuliza kitanda, na kwa kuwa ni mtu wa adabu, akauliza pia kama mgonjwa anaendelea vizuri.

"Vizuri sana, Mama, usijali," Sista Lorine alimwambia akicheka. "Ayie yake ilimalizika jana. Mama yake mwenyewe aliweka sahihi, na daktari akapokea."

Ungekuwa wewe ungeelewaje? Wahu hakuuliza swali la pili. Debra alimwona akiingia, kitambaa cha kichwa kimekaa upande, midomo imebanwa, akadhani kuna aliyekufa.

"Karibu, Mama," Debra alisema, akijaribu kujiinua.

"Ni daktari gani?"

"Mama?"

"Nimeuliza ni daktari gani."

Dorca alisimama akamsogezea kiti. "Mama Chege, karibu, kaa. Daktari anaitwa Wasike. Ni mtu mzuri."

"Ni mtu mzuri." Wahu aliweka chupa ya supu juu ya kabati dogo kwa nguvu. Hakukaa. "Mama Debra, mimi nimeuza viazi Kibuye miaka ishirini na sita. Nimeona watu wakiuziwa gunia lenye mawe chini. Lakini kwako nilikuwa nimefungua roho yangu yote. Kama mlitaka mkwe daktari mngesema tu. Sisi ni watu wa viazi, tungeelewa."

"Mkwe gani?"

"Mmepokea ayie yake jana. Wewe mwenyewe umetia sahihi. Nesi ameniambia hapo nje, meno yote nje."

Ilimchukua Debra muda kidogo kulielewa neno hilo. Lilipomwingia, nusura acheke. Na angecheka, kama Chege asingekuwa amefika tayari, amesimama nyuma ya mama yake na funguo za pikapu mkononi, amesikia yote. Alimtazama Debra. Kwa mara ya kwanza tangu wajuane, alikuwa akimtazama kutoka juu, yeye amesimama, Debra amelala.

"Debra," alisema. "Kuna mtu?"

Nitakwambia ukweli wa alichofikiria Debra, kwa sababu baadaye alimwambia mama yake mwenyewe. Alifikiria kukubali. Pumzi moja tu. Angesema ndiyo, kuna daktari, samahani, na Chege angemchukia, na mtu akichukia hupona haraka. Mama yake asingeulizwa chochote juu ya damu. Binti za Ondiek wangeolewa. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Kisha akaona Chege akizihamisha funguo mkono hadi mkono, kama mtu asiyejua pa kutua mzigo, akashindwa.

"Hakuna mtu," alisema. "Hiyo ayie ni fomu."

"Fomu gani?"

"Ya oparesheni. Kesho asubuhi. Sista aliniuliza kwa Kijaluo kama nimekubali, nikamjibu, wodi ikacheka. Wanaiita hivyo tangu jana."

Chege alishusha pumzi. Wahu akashika kiti alichokuwa amekikataa, akakaa, na uso wake ukalainika kwa aibu. "Woi, Mama Njuguna," alisema. "Mungu anisamehe. Kwani hii homa ya mapafu imefika pa kupasuliwa?"

"Debra," Dorca alionya.

"Mama, wacha niseme."

"Debra, mzee alisema nini?"

"Nimechoka, Mama." Akawageukia wakwe zake. "Si mapafu. Ni moyo. Mlango wake mmoja umelegea, damu inarudi nyuma. Watanikata hapa ubavuni, kidogo tu, waushone. Wanasema nyama za mwili wangu ni laini, uzi unaweza kuzichana, kwa hivyo watashona na viraka vidogo vya kitambaa ili ushike. Mimi ndiye nimezaliwa hivyo. Baba yangu alikufa kwa ugonjwa huuhuu. Tulidhani ni chira, kumbe ni damu."

Alisema yote hayo akimtazama Chege, na Chege alikuwa ameshapiga magoti kando ya kitanda.

"Kwa nini mlinificha?" Chege aliuliza.

"Kwa sababu iliwezekana. Kidonda ni kidogo. Kingekuwa cha kupasua kifua chote tungekosa namna, tungewaambia tu."

"Miaka miwili, Debra. Ungeniambia mimi peke yangu."

"Nilijua wiki tatu zilizopita. Kila nikichukua simu nasema kesho."

"Si neno," Chege alisema, akamshika vidole. "Si neno, sasa nimejua. Utashonwa, utapona, tutaoana. Tungoje hata mwaka."

Debra alifumba macho. Angeweza kuishia hapo. Walikuwa wamesikia ya kutosha kwa siku moja, na hakuna ambaye angemlaumu.

"Kuna kingine," alisema. "Mshipa mkubwa wa moyo umetanuka. Daktari amesema nisibebe mimba."

Dorca alijifunika uso kwa leso yake.

"Mpaka lini?" Wahu aliuliza.

"Hakusema mpaka lini, Mama. Amesema nisibebe."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

"Kuna dawa. Siku hizi kuna dawa ya kila kitu. Kuna ile ya kulala kitandani miezi tisa. Binamu yangu alilala."

"Si ya kulala. Mshipa unaweza kupasuka. Nife mimi na yeye."

"Tutachukua mtoto wa kulea," Chege alisema haraka. Haraka sana, Debra aliona, kama mtu anayeziba mwanya kabla maji hayajaingia. "Maitu," akamwambia mama yake, "kuna watoto wengi wasio na wazazi. Tutachukua mmoja, tumpe jina."

Wahu alinyoosha mkono, akashika ule mguu wa Debra uliokuwa umetokeza nje ya shuka, akaufunika vizuri, akauacha mkono wake hapo juu.

"Mimi sikufukuzi," alimwambia. Sauti yake haikuwa na hasira hata chembe, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Usije ukalala mbele ya daktari kesho ukidhani nakufukuza. Wewe hukujiumba. Lakini nikwambie kitu. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuongea naye. Asubuhi nikifungua kibanda namwambia, ngoja kidogo, Njuguna, wanakutengenezea njia. Watu wa Kibuye wanadhani nimeanza kuzeeka vibaya. Jina nitampa mtoto wa kulea, na nitampenda. Lakini si yeye. Nitajua si yeye."

Debra alilia bila sauti, machozi yakiingia masikioni kwa sababu alikuwa amelala chali.

Wahu akamgeukia Chege. "Sema wewe. Wewe ndiye unaoa. Baba yako hana mwingine wa kumrudisha ila wewe, na unalijua hilo. Lakini ukisema unamtaka huyu hivyo alivyo, mimi nitanyamaza. Nitaenda Pap Onditi na ayie yangu, nitakaa kwa hema, nitakunywa chai. Sema mbele yetu."

Debra alimtazama Chege. Alimtazama kwa macho yake yote, na miwani. Chege alimtazama mama yake kwanza. Kisha dirisha, ambako ziwa lilionekana kipande tu kati ya mapaa ya mabati. Kisha funguo zake.

"Tutaongea, Maitu," alisema. "Wacha kwanza apone. Tutaongea."

Mtu wa mbali angelisikia neno hilo akaliona la busara. Lakini Debra alikuwa ameketi kwenye kibanda chao Jumamosi nyingi, akisahihisha madaftari huku Chege akiuza. Alijua tutaongea ni neno la mteja aliyetaja bei isiyowezekana, ambaye hutaki kumuudhi. Unamwambia tutaongea, unamsindikiza kwa tabasamu, unarudi kupanga viazi vyako. Hakuna mteja wa tutaongea aliyewahi kurudi akauziwa.

Wahu naye alikuwa mchuuzi. Alilisikia kama lilivyo. Aliinuka, akainama, akambusu Debra kwenye paji la uso.

"Pona, Debra," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Januari kumwita kwa jina lake.

Dorca alitoka naye kumsindikiza, kama inavyopasa. Supu ilibaki juu ya kabati. Mgonjwa wa kitanda cha dirishani alijigeuza ukutani kuwapa nafasi.

"Nitakuja kesho alfajiri," Chege alisema. "Kabla hawajakuingiza."

"Usije."

"Debra, usianze."

"Usije, Chege. Nikikuona nitataka kuamka kwa ajili yako, na nataka kuamka kwa ajili yangu."

"Una hasira kwa sababu sikujibu pale. Ungetaka niseme nini? Ni mama yangu. Umemsikia, anaongea na mtu aliyekufa. Nimuumize zaidi mbele ya watu?"

"Sina hasira."

"Nakupenda. Unajua nakupenda."

"Najua," Debra alisema, na alijua kweli. Hilo halikuwa na shaka hata siku hiyo. "Hebu nitazame. Kila mtu ni mwema kwa mtu anayepasuliwa kesho. Hata Mzee Ondiek leo asubuhi ameniletea matunda. Sitaki uniahidi kitu ukiwa mwema. Utaniahidi leo, halafu kila mtoto akizaliwa hapo Kibuye utakuja nyumbani umenyamaza. Nitakuuliza kuna nini, utasema hakuna. Mama yako atazeeka hapo mbele yetu. Utanivumilia, Chege. Mimi sitaki kuvumiliwa na wewe. Mwingine yeyote anivumilie, wewe hapana."

Chege alilaza kichwa chake juu ya shuka, kando ya mkono wake, akalia. Alilia vibaya, kama watu wasiozoea, mabega yale mapana yakipanda na kushuka. Debra aliingiza vidole vyake virefu katika nywele zake. Alitaka sana aseme hapana. Aseme, wewe mwanamke una wazimu, mimi siendi popote, mama atalia na atanyamaza. Alikuwa ameacha mlango wazi kabisa kwa neno hilo, na alikuwa akilingoja kwa moyo wake wote mbovu.

"Unanifukuza?" Chege aliuliza, uso bado umefichwa.

"Nakufungulia. Nenda."

"Debra."

"Nenda kabla mama yangu hajarudi. Nikimwona akikuona unalia nitabadilisha nia."

Alisema hivyo makusudi, ili ajue kwamba nia inabadilika. Mtu angemtupia kamba wazi zaidi ya hiyo?

Chege aliinua kichwa. Alivichukua vidole vyake, akavibusu kimoja kimoja, vyote vitano, polepole. Akamvua miwani, akaifuta machozi kwa shati lake, akamvisha tena. Alimtazama, na katika macho yake kulikuwa na mapenzi, na uchungu wa kweli, na kitu kingine kidogo nyuma yake ambacho Debra hakukitambua upesi. Akasimama. "Nitakuombea," alisema. Akatembea hadi mlangoni, akageuka, akainua mkono, akatoka.

Ni pale alipogeuka ndipo Debra alipokitambua. Mabega yalikuwa yameshuka. Alikuwa ameyaona mabega hayo mara nyingi pale stoo ya shule, dakika ile gunia la mwisho linapotua sakafuni. Na hatua zake kule kwenye korido hazikuwa za mtu anayesitasita. Zilikuwa za haraka. Debra alizisikiliza hadi ngazini, hadi zikachanganyika na za wengine.

Dorca alirudi baada ya muda, kitambaa cha kichwa kimeloa pembeni alikokuwa akijifutia. Aliangalia kiti kitupu, akaangalia mlango.

"Chege yuko wapi?"

"Ameenda."

"Amesema atakuja saa ngapi kesho?"

"Amesema ataniombea."

Dorca aliketi ukingoni mwa kitanda. Alikuwa ameishi na wanaume na amewazika, na alijua kwamba mtu anayekusudia kuja husema saa. Hakuuliza zaidi. Alifungua chupa ya supu ya Wahu, akamimina kikombeni, akapuliza ipoe kama alivyokuwa akipuliza Debra alipokuwa mdogo, akamsogezea mdomoni. Debra alikunywa funda moja. Ilikuwa supu nzuri, ya mifupa, yenye tangawizi, iliyochemshwa tangu asubuhi na mtu aliyempenda.

Hapo ndipo alipovunjika. Kikombe kilimwagika shukani, na Dorca akamkumbatia, mwili wote mrefu ule, akijaribu kuuzungushia mikono yake mifupi isiyotosha.

"Mimi ndiye nilimwambia aende," Debra alisema kifuani mwa mama yake. "Nilimwambia aende, Mama. Mbona ameenda?"